Kilatini cha Leokadia Kwenye Maziko ya Katekista

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Buswelu, maana wao wakiisimulia wanaongeza chumvi mpaka chakula hakiliki, na siku ile nilijiaibisha kiasi cha kutosha, sihitaji nyongeza. Mimi ni Mama Masanja wa Kiseke, hapa Mwanza, yule wa kukaanga mapanki (mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishakwenda kwa Wazungu), nimesoma mpaka darasa la pili na hilo la pili sikulimaliza. Lakini mjukuu wangu Leokadia ni wa chuo kikuu, na hilo nilikuwa namwambia hata mtu aliyekuja kuuliza bei ya samaki.

Anasoma Malawi, huko ndiko alikopata nafasi, na anachosoma ni Kilatini na Kigiriki cha kale, lugha pamoja na maisha ya watu waliozisema, walivyolima, walivyopigana, walivyozika. Mimi Wagiriki ninaowajua ni wale wa kinu cha pamba enzi za mkoloni, wakali kwenye mizani, na sikuona walikuwa na nini cha kusomewa miaka minne, lakini mtoto akikwambia hicho ndicho anachokipenda, unafanyaje. Mwenye uwezo wa kufanya kitu alikuwa mwanangu Masanja, kwa sababu kaka yake aliyemzaa Leokadia alishafariki na yeye ndiye anayemsomesha. Masanja ni msimamizi kwenye kiwanda cha minofu. Leokadia aliporudi likizo, Masanja alikuja kwangu, akakaa, akasema wazi mbele ya mtoto:

"Mama, zama zimebadilika. Viwanda vinafunguliwa, maduka yanafunguliwa, kila mtu anatafuta mhasibu. Hakuna anayetafuta mtu wa kuongea na waliokufa. Kabla likizo haijaisha nitaamua kama anarudi Malawi au anabaki hapa anasomea uhasibu."

Leokadia alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Kesho yake nilimkuta jikoni na madaftari yake, midomo inacheza bila sauti, kama mtu anayeagana na mtu.

Wiki hiyohiyo akafariki Mzee Anatoli, katekista wa zamani wa Buswelu. Aliacha wosia kwamba azikwe kwa ule wimbo wa Kilatini uliomzika mama yake, enzi zile misa yote ilikuwa Kilatini na padri anatupa mgongo. Paroko wetu ni kijana, upadri wake umekuja wakati mambo yameshageuzwa kuwa Kiswahili, hakuujua. Tukakaa jumuiya nzima uani kwa marehemu, na kiongozi wa kwaya, Kulwa, akauliza:

"Nani hapa anajua Kilatini?"

Wazee wote wakatazama mkeka. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Mjukuu wangu anakisomea chuo kikuu. Ataimba yeye."

Nilipofika nyumbani kumwambia, Leokadia aliweka mwiko chini.

"Bibi, sisi hatusomi sala. Tunasoma vita, mashamba, kesi za watu. Huo wimbo sijawahi kuusikia."

"Kwani siyo Kilatini?"

"Ni Kilatini. Na wewe Kiswahili unakijua. Ukiambiwa kesho ukahutubie bungeni, utakwenda?"

"Wakinialika nitakwenda."

"Bibi, nakuomba, nenda kawaambie siwezi."

Nikasema haya, nakwenda. Na kweli nilikwenda, sisemi uongo, miguu yangu ilifika Buswelu. Lakini kufika tu nikawekewa kiti chenye mgongo, mjane wa marehemu akanishika mikono yote miwili, Kulwa akaniita Bibi wa Msomi mbele ya watu (mtu ambaye miaka yote ananiita yule mama wa mapanki), na ulimi ukanikwama. Nikanywa chai yao, nikarudi. Leokadia nikamwambia nimewaeleza lakini wamekataa. Halafu, kana kwamba hiyo haitoshi, nikatuma mtu kiwandani amwambie Masanja aje mazikoni na wazee wa ukoo kutoka Usagara, wasikie kwa masikio yao faida ya elimu ile.

Siku ya maziko nilivaa kitenge kipya na kukaa benchi la mbele, nafasi ambayo si yangu. Masanja alikaa nyuma yangu na wazee watatu wa ukoo. Upande wa pili alikaa padri mmoja mzee, Mkerewe, mstaafu, aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu ujana, amefika asubuhi ileile. Huyo sikuwa nimemwingiza kwenye hesabu zangu kabisa.

Paroko akatangaza kwamba sasa wosia wa marehemu utatimizwa na binti wa chuo kikuu. Leokadia akaenda akasimama karibu na jeneza. Akanitazama. Nikamkonyeza kwamba anza. Akatazama jeneza, akatazama watu, watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Mwishowe akaanza, siyo kuimba, kusema tu, maneno mazito yanayokwenda yakirudi kama mtu anatwanga, sauti nzuri, hakusita hata mara moja. Nikaona mambo si ndiyo haya. Alipofika mahali akavuta pumzi mimi nikasema "Amina" kwa nguvu na kupiga magoti, na kwa kuwa nilikuwa mbele, benchi la pili likanifuata, na la tatu, mpaka kanisa zima likawa chini, na waliokuwa madirishani nao wakavua kofia. Paroko alipoona waumini wamepiga magoti, naye akapiga.

Hakupiga magoti padri mzee. Aliinamisha kichwa na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mimi (Mungu anisamehe) nikafikiri analia, nikajisikia raha.

Leokadia akamaliza. Ndipo mjane wa Mzee Anatoli, bibi wa miaka themanini na kitu, asiyejua hata kuandika jina lake, akasema kutoka pale alipokaa, taratibu tu, "Mjukuu wangu, asante, lakini siyo huo." Akaanza kuimba mwenyewe. Kilatini. Mstari wa pili akajiunga bibi mwingine, kisha mzee mmoja karibu na mlango, kisha wazee wote waliotazama mkeka siku ile, na katikati ya wimbo nikasikia sauti moja karibu sana na sikio langu, na ilikuwa yangu. Nilikuwa naujua. Nilikaririshwa nikiwa binti mdogo, neno kwa neno, bila kujua maana hata ya moja.

Tukamzika. Tulipokaa kula, Masanja akamwendea padri mzee, akamwamkia, akamuuliza yale ya Leokadia yalikuwa maombi gani. Padri akajaribu kukwepa, lakini wazee wa Usagara walikuwa wanasikiliza.

"Hayakuwa maombi," akasema. "Ni mafundisho ya mkulima wa zamani, wanafunzi wa Kilatini huyakariri, jinsi ya kuchagua ng'ombe wa kukokota jembe."

Watu waliocheka ni wengi, lakini Kulwa hakucheka. Kwaya yake ilikuwa imepiga magoti.

"Kwa hiyo mzee wetu tumemwombea kwato," akasema. "Huyu binti ametudanganya mbele ya maiti. Ndiyo wanayofundishwa huko?"

Masanja akamgeukia Leokadia. "Ulisema unaweza?"

Leokadia alikuwa ameshika sahani kwa mikono miwili. Ingetosha aninyooshee kidole tu, na hakuninyooshea; mimi nilikuwa mita mbili kutoka pale nikimenya ndizi isiyokuwa na ganda tena. Na nikaliona wazi: nikinyamaza, Bibi wa Msomi ataondoka na heshima yake, na mtoto atabaki Mwanza na sifa ya uongo.

"Alikataa," nikasema.

"Nani?"

"Leokadia. Alikataa. Akanituma nije niwaambie. Nikaja, nikanywa chai, sikusema. Halafu nikamwambia yeye kwamba ninyi ndio mmekataa."

Kulwa akaniangalia. "Mama wa mapanki," akasema, basi. Jina langu likawa limerudi.

Nani aliokoa kilichobaki? Mzee Lugwisha, mkubwa wa ukoo, ambaye hajawahi kuingia kanisani ila kwa maziko. "Haya mengine ni yenu," akasema. "Wewe binti, huyo mkulima wako anasemaje? Anaanza kuangalia pembe au kwato?"

"Kwato, babu. Anasema pembe ni za kumfurahisha mnunuzi."

"Na rangi?"

"Anasema mjinga ndiye anayeanza na rangi."

"Huyo amefuga," akasema Mzee Lugwisha, na wazee wakamvuta binti kwenye mkeka wao, wakambishia, akawajibu, ugali ukapoa. Masanja alisimama pembeni anawatazama muda mrefu. Tulipokuwa tunaondoka akaniambia bila kunitazama:

"Atarudi Malawi. Na siyo kwa ajili ya ng'ombe. Kiwandani nasimamia watu thelathini, hakuna hata mmoja anayeweza kusema hiki sikijui. Yeye alisema; wewe mwenyewe hilo lilikushinda."

Nilirudi kwanza kwa mjane kuomba msamaha, akanikaribisha karibu yake.

"Mama Masanja, wimbo uliujua. Mbona hukusema siku ile?"

"Kulwa aliuliza nani anajua Kilatini."

"Hata mimi ndivyo nilivyomsikia," akasema. "Nikaona basi, simo."

Leokadia aliondoka Jumatatu na madaftari yake. Mimi tangu hapo mkono wangu naunyoosha kwa kazi za mikono yangu tu, na mtu akiniuliza mjukuu wangu anasoma nini, namwambia asubiri likizo, amuulize mwenyewe.