Aliyeguswa Ndiye Anayesema

Egidius alikuwa fundi seremala mjini Ifakara, hodari wa milango na madirisha, na sifa zilikuwa zimemwingia kichwani kuliko ilivyomfaa. Mchezo wa upanga mrefu alifundishwa na Mjerumani mmoja aliyekuja kusimamia karakana yao. Kazi ikiisha, mzungu yule alifungua kitabu cha mapigano ya zamani ya kwao, akamwonyesha namna ya kuushika upanga kwa mikono miwili. Walitumia panga za mbao, walizozichonga wenyewe kwa mninga. Mwaka 1994 mkataba wa mzungu ulikwisha, akarudi kwao. Panga zikabaki, na Egidius akajipa ualimu.

Mwanafunzi wake alikuwa Yoramu, Msukuma aliyehamia kijiji cha Namawala na ng'ombe wake, akaanza kulima na mpunga. Jumapili alikuja mjini kwa baiskeli. Aliposikia kwamba namna za kusimama zinaitwa Paa, Ng'ombe na Jembe, alicheka sana, akasema kumbe hao Wajerumani nao walikuwa wakulima. Alijifunza upesi kuliko mwalimu alivyopenda. Sheria waliyoachiwa ilikuwa moja: aliyeguswa ndiye anayesema. Aliyegusa hadai chochote, anashusha upanga na kungoja.

Jumapili moja ya Mei 1996 watu walijaa uani kwa Egidius kutazama. Yoramu alikinga pigo, akauzungusha upanga, ncha ikamparuza Egidius juu kidogo ya kiwiko. Egidius aliisikia vizuri kabisa. Yoramu akashusha upanga, akangoja. Lakini macho ya watu yalikuwa mengi, na kusema "nimeguswa" mbele yao kukamshinda fundi mzima. Akapiga. Kidole gumba cha Yoramu cha mkono wa kulia kikavunjika.

Yoramu alikishika kidole, akamtazama. "Fundi, sikukugusa?"

"Hukunigusa," Egidius akajibu.

Watu wakamcheka Yoramu, mtu anayeshusha silaha katikati ya vita. Mpunga wake ulikuwa umeiva shambani, na mundu haushikiki bila kidole gumba. Egidius akafunga karakana, akaenda Namawala kuvuna. Hakuna aliyemtuma, labda ile aibu iliyokuwa inamtafuna. Alivuna mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na bado moyo haukutulia. Kabula, mke wa Yoramu, alimletea maziwa mgando shambani, akamshukuru kila siku, kisha akamgeukia mumewe na kumsema. Angekuwa na macho ya kuona kwamba hajamgusa fundi, mwenzake asingeacha kazi yake kwa ajili yao. Egidius alikunywa maziwa yale akiwa ameinamisha kichwa. Alijichukia, lakini aliyamaliza.

Yoramu hakubisha. Kibaya ni kwamba aliamini. Mtu aliyekuwa akimtambua ng'ombe wake kwa mbali sasa alimwuliza mkewe kama zizi yeye mwenyewe amelifunga kweli.

Agosti, kidole kikiwa kimepona kwa kupinda, Yoramu mwenyewe ndiye aliyeomba wajaribu tena, nyumbani kwake. Egidius alikuja na panga zote mbili. Hawakukaa sana, upanga wa Yoramu ukamgusa begani. Safari hii Yoramu hakuushusha. Alirudi nyuma akiwa bado amejikinga, kama anayeogopa kupigwa.

"Samahani, fundi. Nimekugusa, au ni macho yangu tena?"

Egidius akaona hapo ndipo alipomfikisha mwenzake. Akaweka upanga wake chini.

"Umenigusa. Na siku ile pia ulinigusa. Nilijua, nikakupiga hivyo hivyo."

Yoramu alikitazama kidole chake kwa muda. Hakutukana wala hakuinua mkono. Akageuka kuelekea jikoni, akamwita mkewe. Kabula akatoka na kikombe cha maziwa, akidhani mgeni ana kiu.

"Rudia, fundi," Yoramu akasema. "Na yeye asikie."