Sura Iliyoisha kwa Jivu

Kazi yangu ni skrepu. Niko na kibanda hapa Voi, nanunua sufuria zilizotoboka, mabomba, betri za gari zilizokufa. Watu wakiniuliza kama niliacha shule form two kwa sababu ya karo, nawaambia karo ilikuwepo, ni kichwa ndio kilikosekana.

Ndani ya skrepu huwa kunatokea sarafu za zamani. Zile za mkoloni zenye tundu katikati, za Mjerumani kutoka upande wa Taveta, na zingine zimelika mpaka zinateleza kama kipande cha sabuni. Nilikuwa naziweka kwa mkebe wa majani chai. Halafu siku moja nikaona kwa simu video ya jamaa akitambua sarafu za Warumi, na kutoka hapo kila nilichoshika kilikuwa cha Mrumi. Kichwa chenye upara, Kaisari. Kichwa chenye nywele, Kaisari mwingine. Hata kuna kizibo cha soda kilichokanyagwa na lori, hicho nilikitazama mara mbili.

Sifa zikapanda mlima zikamfikia nyanya yangu, karibu na Wundanyi. Nilipoenda kumsalimia, akanikaribisha kwa utani wake wa siku zote.

"Bwanangu, nasikia umekuwa daktari wa sarafu."

"Nimekuwa, mke wangu. Mgonjwa yuko wapi?"

Akafungua fundo la leso. Ile sarafu niliijua tangu utoto, rangi ya dhahabu, upana kama wa shilingi kumi. Babake alikuwa mbeba mizigo wa Waingereza kwa vita ya Mjerumani, kule kilima cha Salaita, na alirudi na hiyo tu. Nyumbani tuliambiwa ni dhahabu, afisa alimpa kwa kupandisha maji mlimani risasi zikilia. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha mtu. Sasa palikuwa na uvimbe tu, kama mtu amejifunika blanketi.

"Nataka kujua huyu mzungu ni nani," akasema, na hapo hakuwa anacheka. "Mimi naenda, sikai sana. Nikifika kwa baba nimwambie huyo wa sarafu yake ni nani."

Ningesema sijui. Lakini mimi na umaarufu wangu! Nikamwambia, "Huyu ni Mrumi, nyanya. Nikirudi nitakuletea jina lake."

Nilishuka nayo Voi nikiwa na homa ya uongo. Jina nitatoa wapi? Nikaenda kwa mwalimu mstaafu aliyenifundisha historia, huyo hukusanya sarafu za kweli.

"Wewe ndio ulikuwa unalala kipindi changu," akanipokea.

"Nilikuwa nafikiria nimefunga macho, mwalimu."

"Sawa. Na hawa Warumi wako walifika Voi kwa njia gani?"

"Labda walitokea Mombasa, wakapitia Mariakani."

"Na kwa mzani wa malori pale hawakushikwa?"

Tukacheka, halafu akaacha mchezo. Akafunga dirisha, akalaza tochi mezani mwanga ukapita juu ya sarafu kwa ubavu. Sarafu iliyolika, akaniambia, ukiimulika kutoka juu inakuficha kila kitu. Upande wa uso haukuonyesha kitu hata hivyo. Akaipima, akasema kwa dhahabu ni nyepesi mno. Hilo nilikuwa najua tangu nilipoishika, ni brasi, shaba ya manjano. Mtu wa skrepu haulizi brasi jina lake. Nilikuwa sitaki tu kusikia.

Akaigeuza. Upande huo ulikuwa mzima kushinda ule mwingine, una ngao. Akaweka karatasi juu, akasugua na penseli polepole, herufi zikaanza kutoka moja moja. Kiingereza. Akasoma yaliyobaki, akaniangalia.

"Hii sio pesa. Ni kitu cha kuchezea karata huko Ulaya, kinaigiza pesa ya dhahabu. Hicho kichwa kilikuwa cha mfalme wao wa zamani. Na hapa wameandika: kwa kukumbuka siku nzuri za zamani."

Nilichukua ile karatasi nikaikunja mfukoni. Babu wa mamangu alipanda Salaita na maji kichwani, akapewa mchezo wa karata?

"Na mbona uso ndio umeisha?" nikauliza. "Huu upande mwingine ni mzima."

"Kuna mtu ameusugua. Miaka mingi."

Huyo mtu nilimjua. Kila Jumamosi, akiosha sufuria kwa jivu na mchanga, nyanya alikuwa anamaliza na sarafu. Upande wa uso tu. Alitaka mzungu aonekane vizuri. Kadiri mzungu alivyopotea ndivyo nyanya alivyozidi kumsugua.

Nilipanda Jumamosi iliyofuata nimepanga uongo tatu njiani. Nikafika, akanitazama, zote zikaisha. Nikamwambia kila kitu, hata karata, hata brasi. Hiyo ya jivu tu nilimeza.

Aliichukua sarafu akaigeuza. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Bwanangu, baba hakusema alipewa. Hiyo ya afisa ni maneno ya kaka zangu. Baba alikuwa anasema, 'Nilimtoa mzungu hii,' halafu anacheka peke yake. Na karata alikuwa anazipenda! Mama alizichoma mara mbili."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniomba nimsomee tena yale maandishi. Nikamsomea. Akasema, "Basi nitamuuliza mwenyewe alimshinda vipi," akainuka, akachota jivu, akaanza kusugua.

Alienda kwa baba yake kabla mahindi hayajakomaa. Sarafu iko kwangu, sikuitia kwa ule mkebe. Mwalimu amenionya nisiioshe kabisa, ati naharibu historia. Namwambia ndio, mwalimu. Jumamosi nikiosha sufuria yangu, jivu likibaki kidogo mkononi, naisugua. Upande wa uso tu.