Mshahara wa Mbwa

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kisu, ubao na maini ya ng'ombe, nikaambiwa niyakate vipande vya mbwa. Nikakata vipande vya heshima, vya kutia kwenye mchuzi. Mkuu wa Kikosi akaja, mikono nyuma, akatazama ubao wangu.

"Mama Yasinta, unampikia nani? Baba mkwe?"

"Si umesema mbwa, Mkuu?"

"Basi hicho kipande mbwa atakitafuna mpaka asahau alichofanya. Kata kama punje ya harage. Anuse, ameze, arudi kazini."

Nikakata upya. Kambi yetu ilikuwa pembezoni mwa msitu, upande wa Buger, chini ya kampuni ya hoteli ambayo sitaitaja, maana sina nguvu za kugombana uzeeni. Mbwa walifundishwa kunusa mitego ya waya, ile ambayo watu hutegea swala na nyati kwenye njia zao. Mimi niliwalisha. Nyumbani Qurus walinicheka mpaka wakachoka wenyewe. "Umesoma mpaka kidato cha nne ukawapikie mbwa!" Kwetu mbwa hapikiwi. Anatupiwa ukoko wa ugali akibahatika, na asipobahatika atajijua. Wakaniita Mama Mbwa, na hadi leo kanisani wapo wasiojua jina langu la ubatizo.

Mkuu wa Kikosi alikuwa askari wa zamani, mkali, lakini alijua kufundisha. Kile kipande kidogo cha maini tulikiita mshahara. Mbwa akinusa waya anakaa kitako, anatulia. Kukaa huko ndiko kuripoti. Hapo hapo unatamka "Mshahara!" na kumpa kipande. Ukichelewa kidogo, akajikuna sikio, ataelewa kwamba amelipwa kwa kujikuna. Kazi ikiisha unamwonyesha kiganja kitupu, naye anajua hakuna kingine, anakwenda kulala.

"Mkono mtupu haulambwi," Mkuu alipenda kusema. "Hawa hawafanyi kazi kwa uzalendo. Na usimlipe bure hata siku moja. Ukimlipa kwa huruma, kesho haripoti."

Sasa ninyi mnaofuga mbwa wa geti na paka wa kwenye kochi, sikilizeni, maana nimechoka kuona wanyama wanauawa kwa upendo. Maini ni mazuri, lakini machache. Yakizidi kila siku ni sumu. Dagaa wazuri pia, ila uwaloweke kwanza chumvi itoke. Karoti mbichi, malenge ya kuchemsha, kijipande cha yai, hivyo havina ubaya. Mfupa wa kuku uliopikwa usimpe, unapasuka vibanzi na kumchana utumbo. Kitunguu hapana, hata kile kilichojificha kwenye mchuzi. Chokoleti hapana. Zabibu hapana kabisa, na hiyo nitaieleza. Paka naye si lazima maziwa, wengi yanawaharisha, basi tu mwenye paka anaona raha kuyamimina.

Baada ya miaka kadhaa Buger, nikahamishiwa juu, kwenye hoteli ya kampuni ileile ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baridi ya kule, jamani! Asubuhi ukungu mtupu, huoni hata bakuli ulilolishika. Nilikwenda na mbwa mmoja, dume la rangi ya kahawia, mpole, tulimwita Karani kwa sababu hakuruhusu mzigo upite bila kuukagua. Mimi ndiye niliyemlisha tangu akiwa kinda. Sikuwa na mbwa mwingine niliyempenda hivyo, na wala sioni aibu kusema.

Meneja wa hoteli alikuwa mtu wa suti na tabasamu. Wageni walimwona Karani getini wakamzunguka, huyu na soseji, yule na biskuti. Nikamfuata ofisini.

"Bosi, wakatazwe. Yule mbwa ana chakula chake."

"Mama, wageni wanafurahi. Kipande kimoja kitamfanya nini?"

"Kila mmoja anatoa kimoja, Bosi."

"Wageni ndio wanaotulipa mimi na wewe. Tusiwaudhi."

Nikabisha, akainua simu kuonyesha mazungumzo yamekwisha. Nikawa nasimama getini nawafukuza wageni kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, wanacheka, wanadhani ni mchezo.

Aliyemmaliza Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa bibi wa kizungu, mzee kama nilivyo mimi leo, aliyekuwa anakula keki ya zabibu kwenye gari. Nilikuwa nimeingia jikoni kuchukua maji. Niliporudi keki haikuwepo, na yule bibi alikuwa anafuta makombo mdomoni mwa Karani kwa leso yake mwenyewe. Kabla ya jua kutua Karani alikuwa anatapika. Daktari wa mifugo akaja kutoka Karatu, akamtundikia dripu, tukakaa naye siku kadhaa hapo sakafuni. Akapona, kama unaweza kuita kupona. Figo hazikurudi zilivyokuwa. Yule bibi alilia sana alipoambiwa, akataka kunikumbatia. Nikamwacha anikumbatie. Ningefanya nini?

Meneja akaweka kibao cha kukataza. Kizuri kabisa, chenye picha ya mbwa.

Mbwa wa figo mbovu hawezi doria, na magoti yangu yalikuwa yameshakataa vilima, hivyo wakatustaafisha pamoja. Mimi walinipa kanga na hotuba. Yeye walitaka kumpeleka kusikojulikana, nikawaambia thubutu, huyu anakwenda kwangu. Tukashuka Qurus.

Kustaafu, wanangu, hakunoga kama walivyonihubiria. Mume wangu nilimzika mapema. Alilazwa hospitalini Karatu, na siku moja daktari alinitoa nje ya wodi akaniambia kwa sauti ya chini, "Mpeni chochote anachotaka." Mimi nikafurahi, nikadhani amepata nafuu! Alitaka maziwa mgando. Akayaonja tu, kesho yake hakuwepo. Tangu hapo najua maana ya maneno hayo.

Kwa hiyo tulibaki wawili. Na Karani hakujua kwamba amestaafu. Aliendelea na kazi. Akipita kwenye uzio wa jirani wenye waya, anakaa kitako, ananitazama. Akiona kamba ya waya ya kuanikia nguo, anakaa. Jirani alicheka mpaka akashika mbavu: "Mama Mbwa, askari wako amenikamata tena!" Mimi nilikuwa nalipa. Daktari wa mifugo alishakataza maini, dagaa, na chochote chenye chumvi, akasema figo zake haziyawezi. Nikawa natembea na malenge ya kuchemsha mfukoni mwa gauni. "Mshahara!" nasema, nampa lenge. Alilipokea kama mgonjwa anavyopokea dawa, kwa heshima, halafu ananusa vidole vyangu akitafuta kile cha zamani. Iliniuma kila siku. Lakini ndivyo nilivyoweza kukaa naye, na nilitaka kukaa naye. Nyumba yangu haikuwa na pumzi nyingine.

Mvua za mwaka huu zilipoisha, akaacha kula. Kwanza uji, kisha malenge, kisha akawa hanyanyuki kwenye gunia lake barazani. Daktari wa mifugo alikuja kutoka Kansay kwa pikipiki. Kijana mpole, ananiita bibi. Alimpapasa tumbo, akamfunua ufizi, akaomba maji ya kunawa. Alinawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bibi," akasema, bado ananawa, "kuanzia sasa mpe anachotaka."

Nikamwambia nimekuelewa, mwanangu. Nikaingia ndani nikalia kidogo, nikajifuta, nikachukua kikapu, nikapanda gari kwenda mjini Karatu.

Mzee Shabani mwenye bucha tunafahamiana tangu enzi za kambi.

"Mama Yasinta! Leo maini? Umepata mgeni?"

"Mgeni anaondoka, Mzee Shabani."

Akashusha kisu. "Karani?"

"Ndiye."

"Pole sana, mama." Akayarudisha maini aliyokuwa ameshika, akachukua mengine, akakata upande mzuri.

Nyumbani nikayachemsha bila chumvi, nikayakata kama punje ya harage. Mkono haujasahau. Nikakaa barazani kando ya gunia, nikamwekea kipande puani. Pua ikacheza. Nikasema moyoni, haya, angalau hiki. Akageuza uso.

"Kula, mzee mkaidi we! Ndicho ulichokuwa unakidai miaka yote!"

Hakula. Alinitazama tu, kwa macho yale yale ya kambini, anasubiri. Nikajaribu tena, akageuza uso tena. Nilikaa pale na maini yangu yakipoa, nikiwa na hasira naye, na hasira na yule bibi wa keki, na hasira na Mungu pia, ndipo nikakumbuka. Kumbe! Hajafanya kazi. Hatukuwahi kumlipa bure hata siku moja.

Nikanyanyuka na magoti yangu haya, nikafungua waya uliofunga mlango wa banda la kuku. Nikauficha chini ya ukingo wa gunia, karibu na pua yake.

"Karani. Tafuta."

Akanusa. Kuku walikuwa wameshatoka, wamejaa uani, wala sikuwajali. Akanusa tena, masikio yakasimama. Akajaribu kukaa kitako, maana kukaa ndiko kuripoti. Miguu ya mbele ikainuka ikitetemeka, ya nyuma ikakataa. Akaanguka ubavu. Basi akalaza kidevu juu ya waya, akaniinulia macho.

"Mshahara!" nikasema, nikampa kipande.

Akala. Nikauficha waya upande mwingine, akautafuta, akauwekea kidevu, nikamlipa. Watu walipita njiani wakitoka shambani, wakaona mwanamke mzima anaficha waya chini ya gunia huku analia, na safari hii hakuna aliyecheka. Jirani alisimama kwenye uzio wake, akavua kofia.

Maini yakaisha. Nikamwonyesha kiganja kitupu, kama tulivyofanya kambini, ajue kazi imekwisha, akalale.

Akakilamba. Akaendelea kukilamba, taratibu, mpaka akalala.