Mizigo ya Chicago

Mwezi uliopita nilikaa mkahawani Moseley, hapa Birmingham, mbele yangu kahawa iliyopoa na kompyuta iliyonifungulia tarehe zote za Aprili, na sikuweza kuchagua hata moja. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kumpeleka mama yangu Chicago akamwone dada yake, kisha kumrudisha Birmingham. Kuna watu wamehamia nchi za mbali kwa maandalizi machache kuliko hayo. Mimi niliyesomea chuo kikuu namna watu wanavyohama duniani, nikaandika na makala ndefu ambazo hazikusomwa ila na waliolipwa kuzisahihisha, nilishindwa kuamua tuketi dirishani au karibu na choo.

Nimechoka, ndugu yangu. Si uchovu unaoisha kwa kulala. Ni uchovu wa mtu wa makamo aliyebanwa katikati: huku wazee wanaotaka kushikwa mkono, huku binti yangu anayeniuliza, kwa Kiingereza chake cha hapa hapa, kwa nini bibi yake asimwone dada yake kwenye simu tu. Nilimweleza kwamba mama mkubwa ameanza kusahau. Jumapili nyingine tukimpigia humwita mama yangu kwa jina lake, wakacheka. Jumapili nyingine humwita "mama", akamuuliza kama amekwisha kula. Daktari wao kule amewaambia wanawe kwamba wanaotaka kuja waje sasa. Ndiyo maana ikawa Aprili, baada ya baridi ya Chicago kulegea na kabla mama mkubwa hajasahau zaidi.

Basi pale mkahawani nikampigia mama kumuuliza tarehe. Akanijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayepanga kuiba.

"Tarehe ngoja kwanza, mwanangu. Watu bado hawajajua."

"Wajue nini?"

"Kama nakwenda."

Nikafumba macho. Kwa maneno hayo tu nikajikuta tena Kingstanding, kwenye nyumba ya kupanga ya halmashauri ya jiji niliyokulia, sebuleni, nikiwa nimekatazwa kukaa kwenye kochi kwa sababu kochi limejaa mizigo ya watu.

Nyumba yetu ilikuwa na kuta za kokoto na ua wa vichaka ambao baba aliukata upande mmoja tu, upande unaoonekana barabarani. Ndani mlinuka mafuta ya taa ya lile jiko la kutia joto, na juu ya mafuta ya taa mlinuka udi, na juu ya udi mlinuka chochote bibi alichokuwa akikaanga. Bibi alikuwa mama yake mama. Aliletwa kutoka Unguja akae nasi miezi michache, akakaa mpaka mwisho wake. Majira ya kuchipua hakuyajulia jina. Aliyaita masika ya Wazungu, akayalaumu kwa kukosa msimamo, maana asubuhi moja ilikuwa na jua, mvua ya mawe, na gari la aiskrimu likipita katikati ya mvua hiyo likipiga muziki wake kana kwamba hakuna kilichotokea. Maua ya manjano yalisimama kandokando ya barabara, yameinama kama watoto waliogombezwa. Mama alianika nguo, akazianua, akazianika tena. Sisi watoto ndio tuliokuwa kamba ya pili: tulisimama mlangoni na mashuka mabegani tukingoja mawingu yapite.

Na kila masika hayo yalipofika, nyumbani kwetu ilipangwa safari ya Chicago. Binti mkubwa wa bibi, huyo mama mkubwa, aliolewa huko kabla sijazaliwa, na bibi alikuwa hajamwona tangu siku ya kumuaga. Safari ilipangwa, ikaahirishwa, ikapangwa. Mwaka mmoja baba alivunjika mguu kiwandani. Mwaka mwingine ubalozi ulichelewesha viza. Shuleni, mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kuuliza kila mtoto atafanya nini likizo ya Pasaka, nami nilijibu kila mara kwamba tunakwenda Chicago. Mwaka wa tatu hakuniuliza tena. Alisema tu, "Na wewe, najua," akaenda kwa mwenzangu.

Kilichofika kila mwaka bila kukosa ni mizigo. Kama wewe ni mtu wa kwetu, sina haja ya kukueleza. Mtu akisikika anasafiri, hata kwa fununu, kila mwenye ndugu kule anakoenda huja na kifurushi chake. Hakiji kwa kuombwa. Huja na mwenyewe, naye hukaa, hunywa chai, huuliza hali za watu wote, na anapokwisha kuvaa viatu mlangoni ndipo husema, "Kuna kitu kidogo nilikuwa nataka unipelekee." Kitu kidogo hicho kilikuwa ndoo ya halua. Kilikuwa doti za kanga, pilipili manga, kofia za mkono, papa mkavu aliyefungwa kwenye magazeti ya Kiingereza na bado akajitangaza mpaka ghorofani. Kilikuwa kaseti ambazo watu walijirekodi wakizungumza, maana wengine mkono haukuzoea barua, na sisi watoto tulizisikiliza kwa siri tukasikia watu wazima wakilia na kukohoa.

Alikuweko nesi mmoja Mkenya aliyetoka Shard End kwa mabasi mawili kutuletea majani ya chai ya kumpelekea kaka yake Chicago.

"Mama, nisaidie tu na hii kitu kidogo," alimwambia bibi.

"Hii kitu," bibi alimrudia, akiupima mzigo kwa mkono. "Kwenu kitu hakiitwi hiki, eti? Na mbona kidogo chenyewe kinanivunja bega?"

"Ni majani tu, mama. Majani haina uzito."

"Haina, haina. Kaa unywe chai, tuone kama nayo haina."

Walipendana sana wale wawili. Hata jirani yetu wa ukuta mmoja, bibi kizee Mwingereza ambaye mwanzoni alitutazama kupitia pazia, aliambukizwa. Masika ya mwaka mmoja alikuja na kopo la peremende za siagi kwa ajili ya binamu yake wa Chicago, akanywa chai yenye tangawizi mpaka machozi yakamtoka, na alipovaa viatu mlangoni akasema maneno yaleyale, kwa lugha yake. Bibi alifurahi kama aliyemsilimisha.

Kanuni ya bibi ilikuwa moja: mzigo wa mtu haukataliwi. Kuukataa ni kumwambia kwamba ndugu yake hana maana. Baba alijaribu kumweleza habari za kilo. Bibi alimsikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine.

Hatimaye ukaja mwaka ambao safari ikawa safari kweli. Nakumbuka bibi amepiga magoti mbele ya sanduku, anatoa vitu vyake kimoja kimoja ili vya watu viingie. Alitoa koti la sufu tulilomnunulia. Alitoa viatu vya pili. Akatoa na zawadi za binti yake mwenyewe, isipokuwa kanga moja, akisema, "Yeye ni mwanangu, ataelewa." Mama alisimama mlangoni na mashuka mikononi, akiangalia.

Alikaa Chicago wiki tatu. Tulipokwenda kumpokea tulimtarajia arudi na hadithi za maghorofa na ziwa kubwa kama bahari. Alirudi na sanduku limejaa pomoni, vidonge vya vitamini, suruali za jinzi, manukato, siagi ya karanga, kila kimoja cha mtu wa Birmingham, na kesho yake tukaanza kuvisambaza. Nilimbebea mifuko katika mabasi ya jiji hili mpaka vidole vikafanya mistari. Tulikula samaki wa kupaka nyumba hii, vitumbua nyumba ile, na kila mahali bibi alieleza jinsi alivyomkuta ndugu wa mwenye nyumba, amenenepa, anakohoa, kazaa. Nilimuuliza, "Bibi, na Chicago ikoje?" Akafikiri. Akasema ina ngazi nyingi.

Jioni moja katika siku hizo mama mkubwa akapiga simu. Simu yetu ilikuwa kwenye ujia, na sauti yake ilitoka kwenye mkono wa simu tukaisikia sote mpaka jikoni. "Mmeniletea tarishi," alimwambia mama. "Nilimngoja mama yangu miaka yote ile, akaja, kila asubuhi anavaa viatu anakwenda kugawa papa wa watu. Siku ya kukaa na mimi kapitiwa na usingizi kwenye kiti. Nimekaa namtazama amelala."

Bibi alikuwa anachambua mchele. Alicheka kidogo, kisha akaendelea kuchambua ule mchele kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Safari nyingine hakupata. Tulimzika huku huku, asubuhi ya barafu, na mama mkubwa hakuwahi kufika.

Sasa unaelewa kwa nini nilifumba macho pale mkahawani. Mama mkubwa alikuwa amekwisha tamka neno lake tangu tulipoanza kupanga, siku moja ya zile siku zake njema. "Nakuomba, mdogo wangu, usije na kitu cha mtu. Njoo wewe." Na mama alimjibu, "Sawa, dada," lakini baada ya simu yangu ile ya mkahawani akaanza kutangaza. Alitangaza kwenye harusi. Alitangaza msibani, baada tu ya khitma, sahani bado ziko mikononi mwa watu. Alimwambia mwenye duka la viungo, ambaye kumwambia ni sawa na kuweka tangazo ukutani. Akatoa darini sanduku kubwa, akalifungua sebuleni Kingstanding, nyumba ileile, kochi jingine, akalipangusa vumbi.

"Mama mkubwa amekataza," nilimwambia.

"Dada hajui anachokisema."

"Hicho anakijua."

"Wewe unataka niingie kwa dada yangu na nguo zangu mwenyewe tu, kama mtalii? Nikiwa sina cha watu, heri ningoje. Tutakwenda hata Oktoba."

Oktoba. Nilifikiria Jumapili zote zilizomo kati ya hapa na Oktoba, na mama mkubwa atakavyokuwa anamwita mama yangu nani kufikia wakati huo. Sikumwambia. Badala yake nikafanya alichofanya baba: nikajiandaa kwa habari za kilo. Nilinunua mizani ya kushika mkononi. Nilitunga maneno ya kukataa, ya upole na ya kitaalamu, nikayafanyia mazoezi ndani ya gari kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu.

Mama aliwaambia watu aje Jumamosi anayetaka. Alichoma vitumbua tangu asubuhi. Alijaza chupa ya chai ya tangawizi, akatandika kitambaa kipya mezani, mlango akauacha wazi ingawa masika yalikuwa yameingia na upepo wake. Nilikaa na mizani mapajani. Alikuja mtu wa vifurushi, tukainuka sote wawili, kumbe anataka tumpokelee kitu cha nyumba ya pili. Adhuhuri ikapita. Vijana wawili wa msikitini walituma ujumbe wa sauti wakamtakia safari njema, wakasema pesa za shangazi yao wao hutuma kwa simu. Alasiri mama akampigia mwenyewe yule nesi wa Shard End, mtu mzima sasa, magoti hayamtii.

"Huna kitu cha kaka yako?" mama akamuuliza. "Hata majani?"

"Kaka alirudi Kisumu kitambo sana, mum. Huko sina mtu tena. Na hii chai yetu wanauza mpaka huko, ulijua?"

"Sikujua."

"Lakini unisalimie Chicago, hata kama hainijui."

Mama akaifunika sahani ya vitumbua kwa kawa. Nikaiweka mizani chini. Maneno yangu yote yalikuwa ya kukataa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, tukapiga simu. Nilimwamkia mama mkubwa, akaitikia "Marahaba, baba" bila kunitaja, nikajua hajanitambua. Lakini aliposikia sauti ya mama yangu akachangamka.

"Mdogo wangu. Haya, nani kakupa nini?"

Mama akanitazama. Aliyekataza ndiye anayeuliza.

"Hakuna, dada."

"Hakuna nini?"

"Hakuna aliyeleta."

"Hata yule nesi wa chai?"

"Hata yeye. Kakaye karudi kwao."

"Na Mzungu wenu wa peremende?"

"Alikufa, dada. Zamani."

"Aa." Nikasikia televisheni ya Chicago ikizungumza peke yake. "Watu gani hao?" mama mkubwa akasema, kwa hasira kabisa. "Mtu mzima anasafiri, hawampi hata uzi?"

"Ndiyo siku hizi, dada."

"Sasa utakuja na nini?"

"Nguo zangu."

Mama mkubwa akasema, taratibu, "Basi njoo hivyohivyo. Tutakaa."

Mama alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaniambia nichukue tarehe ya kwanza inayopatikana. Nilibonyeza palepale kabla hajabadili nia, viti nikachukua vilivyokuweko.

Nilipokuwa mtoto niliichukia ile mizigo. Ilitunyang'anya kochi, ikamnyang'anya mama mkubwa mama yake. Siitamani hata sasa. Lakini nikipita Shard End siku hizi, au Kingstanding yenyewe, naona milango ambayo naijua harufu zake za ndani na sina tena sababu ya kubisha hodi, na wenye milango hiyo hawana la kunituma. Mama mkubwa atampata mdogo wake mzima mzima, siku zote tutakazokuwa huko, kama alivyotaka tangu zamani. Amempata kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kumhitaji.

Nilipokuwa nafunga kompyuta, mama alikuwa amesimama juu ya sanduku kubwa, analitazama.

"Lirudishe darini hili," akasema. "Nitafutie dogo."