Sifa za Msichana wa Kakuma

Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha kuchaji simu hapa Kanamkemer, Lodwar, mama mmoja akampigia simu mwajiri wa zamani wa msichana aliyekuwa akiomba kazi ya ndani kwake. Simu yake ilisikika kwa spika tu, kwa hiyo sote tulisikiliza. Msichana mwenyewe aliketi kando, amempakata mtoto wa yule mama.

"Ejok, habari yako mama. Huyu msichana alifanya kazi kwako Kakuma?"

"Alifanya."

"Ni mwizi?"

"Hapana."

"Anapiga mtoto?"

"Hajawahi. Lakini usimchukue."

"Kwa nini?"

"Mtoto wangu alipoanza kusema, alimwita yeye mama. Mimi nikitoka kazini ananikimbia. Nikamfukuza msichana. Mpaka leo mtoto anasimama mlangoni, anamngoja."

Yule mama alikata simu, akamtazama mwanawe aliyelala kifuani pa msichana, akamchukua. Mtoto akaamka, akalia, akamnyooshea mikono msichana waliyejuana asubuhi hiyo tu. Mama akakunja uso. Nikadhani kazi imekwisha kabla ya kuanza.

Kilio kilipozidi, akamrudisha mtoto polepole. "Kuja kesho na nguo zako," akasema. "Lakini akianza kusema, mfundishe mama ni mimi."

"Sawa, mama," msichana akajibu, macho chini.

Tunapouliza habari za mfanyakazi, huwa tunaogopa kuambiwa mabaya. Mama huyu aliambiwa mazuri matupu, na hayo ndiyo yaliyomtisha.