Mama Kwamba, mfasiri anayekataa kufichiwa kosa lake

Saa mbili na robo asubuhi, mashine ya kurudufu inanguruma kwenye kibanda chenye upana wa hatua nne. Pembeni yake, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi, anasogeza rundo la karatasi na kumkaribisha mteja wake wa kwanza, mfanya usafi aliyesimamishwa kazi juzi.

"Haya dada, sema polepole. Mimi si polisi."

"Meneja alikubali haraka haraka alinikata mshahara wa siku mbili," mteja anaanza.

Kalamu inasimama. "Alikubali haraka haraka, au alikukata haraka haraka?"

"Mama, si yale yale tu?"

"Yangekuwa yale yale ningekuwa nimeshamaliza ukurasa. Moja ni la mdomo wake, jingine ni la mkono wake. Lipi?"

Mteja anafikiri, kisha anacheka bila kutaka. "La mdomo. Kukata alikata taratibu, kwa raha zake."

"Basi tunaandika: alikubali haraka haraka, *kwamba*, alikukata siku mbili. Tuendelee."

Kwa swali hilo moja, mtaa mzima unamwita Mama Kwamba. Jina alipewa kwa kejeli na makarani wa baraza la migogoro ya kazi, lililo ng'ambo ya barabara, ambako alifasiri maelezo ya wafanyakazi kwa miaka kumi na tisa. Yeye akalipokea kama cheo.

Pale barazani mlalamikaji huzungumza Kiswahili na sauti yake hurekodiwa, lakini jalada huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho wanachosoma mawakili wa makampuni. Kati ya mdomo wa mtu na jalada lake alikuwa akikaa yeye, kurasa thelathini kwa siku.

"Watu wanadhani kazi ngumu ni yale maneno makubwa," anasema. "Makubwa yana kamusi. Kinachoua ni vineno vidogo vinavyosema mtu alisemaje."

Ana daftari lenye jalada gumu alimoviandika vineno hivyo kwa jozi. Kila kitenzi cha kusema, anaeleza, kina marafiki zake. Mtu hukana katakata, hukiri waziwazi, hukubali shingo upande. Kiingereza nacho kina jozi zake, na hazioani na zetu. Mfasiri mmoja mgeni aliwahi kuandika kwamba shahidi alikubali huku shingo yake ikiwa imepinda. Wakili akauliza kama shahidi alipelekwa hospitali.

Lakini shingo iliyopinda huonekana na kila mtu. Kosa lililomtoa Mama Kwamba barazani halikuonekana na yeyote, kwa sababu lilikuwa Kiingereza safi kabisa.

Mwaka jana alikuja mlinzi wa ghala la matairi, mwanamume mpole wa miaka arobaini hivi. Mchana wa siku moja mpakiaji alianguka kutoka juu ya lori. Mlinzi aliacha geti na kukimbia kumwinua. Aliporudi, matairi kumi na mawili yalikuwa yameota miguu. Mbele ya kinasa sauti alisema: "Nasema kwa hiari yangu niliacha geti wazi."

Hakutia "kwamba". Nani hutia, akizungumza? Kiswahili cha mdomoni kinamruhusu mtu kuliacha neno hilo, na pumzi ikafanya kazi yake. Kiingereza cha jaladani hakina pumzi. Hapo ni lazima mfasiri achague: neno "willingly", yaani kwa hiari, likae kabla ya "that", ambalo ndilo kwamba, upande wa kusema, au baada yake, upande wa kuacha geti.

Mama Kwamba, akiwa ukurasa wa ishirini na sita siku hiyo, aliliweka baada. Jalada likasoma kwamba mlinzi aliliacha geti wazi kwa hiari yake. Kampuni ikamfukuza, na baraza likaafiki.

"Mimi ninayewasumbua watu na kwamba," anasema, akijigonga kifua kwa kidole. "Siku hiyo sikuuliza. Nilikuwa na njaa nataka kumaliza. Sina la kujitetea."

Mama Kwamba alilijua kosa wiki tatu baadaye, mlinzi alipofuata nakala yake na kumwomba amsomee kwa Kiswahili. Alipofika kwenye sentensi ile, mlinzi alimshika mkono.

"Hapana, dada yangu. Hiari yangu ilikuwa ya kusema, si ya kuacha. Nani anaacha geti kwa hiari?"

Mama Kwamba akairudia sauti iliyorekodiwa mara saba. Baada ya "kwa hiari yangu" palikuwa na kituo, kifupi lakini wazi. Anasema alijifungia chooni akalia, kisha akanawa uso na kwenda kuandika barua ya kukiri kosa.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mtu akikosea kazini huficha, na wakubwa humtafuta. Hapa mkosaji alikuwa akilipigia kelele kosa lake, na wakubwa wakimwomba anyamaze.

"Mkuu wa kitengo cha tafsiri aliniita 'mama yangu' siku hiyo. Nikajua kuna jambo," anasimulia. "Akaniambia, 'Mama yangu, jalada limefungwa. Tukikubali hili moja, watu wataleta majalada mia nne.' Nikamwambia, wayalete. Kama yako sawa, unaogopa nini?"

Aliandika barua ya pili, kisha ya tatu. Baada ya ya tatu jina lake liliondolewa kwenye orodha ya wafasiri, na mlinzi wa mlango mkuu wa baraza, aliyekuwa akimsalimia kila asubuhi, akaagizwa kumnyang'anya kitambulisho. "Alikichukua huku akiangalia viatu vyake. Masikini. Hao ndio wanaotumwa siku zote."

Kurasa thelathini zikawa nne au tano, kwenye meza aliyoiazima kwa mwenye mashine. Mumewe, fundi cherehani, sasa ndiye anayebeba nyumba, na hajaacha utani wake. "Nilimwambia, mke wangu, mimi nikikosea suruali naipunguza kimya kimya mteja asijue," anasema. "Akaninunia siku mbili. Ikabidi nimwite mteja mmoja nimwambie ukweli wa suruali yake."

Juma lililopita mkuu wa kitengo alivuka barabara mwenyewe. Alikuja na karatasi iliyochapwa: Mama Kwamba athibitishe kwamba alikumbuka vibaya, kwamba tafsiri ya kwanza ilikuwa sahihi, naye atarudishwa orodhani mara moja. Aliisoma akiwa amesimama.

"Unataka nikosee mara ya pili," akamwambia, "na safari hii nikiwa nimeshiba?"

Mkuu alimkumbusha kwamba rufaa ya mlinzi inasikilizwa Alhamisi, na kwamba mfasiri anayesimama kutoa ushahidi dhidi ya tafsiri yake mwenyewe hatapewa tena karatasi na ofisi yoyote. Mama Kwamba anasema aliogopa, na haoni aibu kulisema hilo. Kisha akamrudishia karatasi yake bila sahihi.

Anataka mambo mawili. La kwanza ni mlinzi arudishiwe kazi yake. La pili ni kanuni ndogo tu: kila mtu asomewe maelezo yake kwa Kiswahili kabla hayajapigwa mhuri, ili mtu asikie alichosemeshwa. "Dakika kumi kwa kila mtu. Wao wanasema muda hakuna. Mlinzi amekaa nje ya kazi yake miezi kumi na minne, huo muda wameupata wapi?"

Mlinzi amekuwa akipita kibandani kila siku baada ya kibarua chake cha kubeba mizigo. Jana alimwambia Mama Kwamba kwamba hatamlaumu akibadili nia. Mama Kwamba naye ana watoto, na ugomvi na serikali si mchezo. Alisema hayo akiwa ameinama, kofia mkononi.

"Vaa kofia yako," Mama Kwamba akamjibu. "Mimi hata wakinifukuza mara mia, meza ninayo. Wewe geti huna. Alhamisi saa tatu tunakwenda kulichukua."