Miti ya Kondo ya Mzee Hhando

Habari hii ameitoa Natalia Sulle, mpishi wa Chuo cha Tiba Endagwe, Jumapili ya pili ya Septemba mwaka huu wa 1987, akitoka misa, viatu vyake vya kanisani bado vikiwa mkononi. Yale ambayo hakuyaona kwa macho yake aliambiwa na Hhando mwenyewe, mmoja akiwa upande huu wa ua na mwingine upande ule.

Saa moja asubuhi, kengele ya wodi ya wazazi inagongwa mara mbili. Hhando Akonaay anaweka chini bakuli la uji kabla hajalimaliza, anavaa mabuti ya mpira, na kuteremka kwa njia yake ya peke yake, ile inayopita nyuma ya jiko. Ni mrefu, mabega yameinama kidogo, ana miaka hamsini na minane.

Nesi Fransiska ameshaziweka ndoo tatu juu ya sakafu ya saruji. Amerudi nyuma hatua kumi, na sasa anamsubiri afike.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo wangapi?"

"Wawili. Wa kike wote."

"Wazima?"

"Wazima, mzee. Mmoja analia mpaka madaktari wanakimbia."

Hhando anacheka, anazichukua ndoo zake na kuondoka. Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote atakayoyapata mpaka jua lizame.

Endagwe ni tawi la chuo kikuu, mahali wanapoletwa vijana wa udaktari kujifunza kutibu watu wa vijijini. Liko juu kidogo ya Basotu, na ua wake unapakana na mashamba ya ngano ya serikali. Wakati wa ngano mbichi ni kuzuri, macho yanachoka kwa kijani. Lakini mashine zikishavuna hakuna kinachosimama pale, wala mti, wala kichuguu. Upepo unainua udongo na kuuleta mpaka wodini, mpaka kwenye vidonda vya watu.

Hhando alianza kazi ya kuzoa taka hapa miaka sita iliyopita. Wakati ule taka zote za hospitali zilitupwa korongoni. Mvua ikinyesha, korongo linateremsha chupa zilizovunjika mpaka wanakonywesha ng'ombe. Ndama wa watu walikatwa ndimi.

"Nilipofika nilikuta mbwa wanavuta bandeji kama utumbo," anasema. "Nikasema hapana. Hata nyumba ya mchawi haikai hivi."

Akaomba rangi. Ndoo nyekundu ni ya pamba na bandeji, nayo huenda kwenye tanuru alilolijenga kwa matofali yaliyobaki. Nyeusi ni ya chupa na sindano zilizovunjika, na hizo anazifungia ndani ya shimo la saruji. Nyeupe, yenye mfuniko, ni ya kondo la nyuma, lile linalomfuata mtoto akishazaliwa.

Hilo la tatu ndilo lililomsumbua. Amri ilikuwa kuchoma. Lakini kondo ni bichi, haliwaki mpaka umalize mzigo mzima wa kuni, na kuni ni miti, na miti ilikuwa imekwisha. Hhando akamwendea Dakta Theodory, mwalimu wa afya ya mazingira, akiwa ameshika kofia mkononi.

"Nikamwambia, Dakta, hiki kitu si taka. Kimemlisha mtu miezi tisa. Nipe nikifukie mbali na maji, shimo liwe refu kunizidi, nitie majivu, halafu juu yake nipande mti. Akaniangalia. Akasema, 'Mzee, hilo halimo kitabuni, lakini nenda.'"

Basi tangu siku hiyo, kila mtoto aliyezaliwa Endagwe, watatu au wanne kwa mwezi, ana mti. Miche anaiotesha kwenye makopo ya maziwa ya unga. Anaimwagilia maji ya suuza kutoka dobini, akishayaacha yatulie siku mbili kwenye pipa. Mringaringa, mgunga, mringaringa, mgunga, safu mbili ndefu kati ya wodi na ngano. Ile ya kwanza sasa imezipita paa. Wanafunzi wanaokuja siku hizi hawajui kwamba zamani wenzao walikuwa wakipangusa vumbi juu ya meza ya kujifungulia.

Mshahara wake ni shilingi elfu moja na mia tatu kwa mwezi, na halalamikii hilo. Anacholalamikia hakina bei.

Kwa Wairaqw wa huku, mtu aliyeguswa na damu ya namna ile, au na kifo cha namna fulani, hukaa kando. Wanaita metimani. Hali na wenzake, hanywi kibuyu kimoja nao, hateki maji kwenye kisima cha wote, mpaka muda wake utimie na asafishwe. Ni desturi ya kuwalinda watu na mifugo, na wazee hawaifanyii mzaha. Hhando anaigusa damu ile kila mtoto akizaliwa. Atasafishwa lini, na kabla muda haujatimia kengele inagongwa tena?

Hakuna aliyemfukuza. Walipungua tu. Kwanza majirani waliacha kumwita kwenye pombe. Kisha kaka yake akaja kusimama mbali, akamwambia, "Ndugu yangu, ukiacha ile kazi, mlango uko wazi." Chakula, Natalia humwekea juu ya jiwe. "Nami naogopa, nisiseme uongo," anasema Natalia. "Nina watoto. Lakini namjazia sahani."

Mkewe alifariki kabla ya kazi hii. Aliyebaki ni mtoto mmoja tu, Juliana, aliyeolewa Bashay na Nicodemo Margwe.

Mwezi Julai Juliana aliletwa Endagwe kwa lori la shamba, uchungu ukiwa wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya. Madaktari wakahangaika naye. Hhando alikaa kwenye tanuru lake bila kuwasha moto, kwa sababu moshi ungekwenda upande wa wodi. Saa nane mchana Fransiska akatokeza mlangoni akapiga kelele: "Mzee! Wa kiume! Juliana mzima!"

Baada ya hapo ikaja ndoo nyeupe.

Hapa ndipo Hhando alipokosea, na anakiri mwenyewe. Katika nyumba ya akina Margwe, kondo la mtoto wa kwanza huzikwa na bibi mzaa baba, kando ya zizi, kwao. Baba wa mke hana mkono pale. Hhando aliyajua hayo. Angeweza kulifunga na kulikabidhi.

"Nilijua ni haki yao," anasema. "Lakini nikasema, mtoto watampeleka Bashay, mama yake watampeleka Bashay. Na mimi nibaki na kitu."

Akalifukia usiku haujaingia, akapanda mringaringa, mti wa mia mbili na kumi na saba.

Siku ya nne Juliana aliruhusiwa. Alisimama kwenye geti akamwinua mtoto juu, ili babu yake amwone toka mbali. Nicodemo alikuwa amemshika mkono asisogee. Hhando aliona blanketi la bluu.

Wiki zikapita. Bashay wakauliza kondo liko wapi, na Juliana hakuweza kudanganya. Neno likaletwa na dereva wa lori: mama Nicodemo anakuja kulichukua, na asipolipata, mtoto huyo hatakanyaga Endagwe maisha yake yote, wala Juliana.

Alhamisi iliyopita akaja kweli. Fabiola, mama wa makamo, mfupi, mkavu, jembe limefungwa kwenye shuka. Natalia alikuwa mlangoni pa jiko, mikono imejaa unga, na hakukosa hata neno.

"Hhando Akonaay! Toka, mwizi wa kondo!"

"Karibu, mama Nicodemo."

"Nisikaribishwe! Nioneshe."

Akamwonesha. Mche wenyewe unafika gotini tu.

"Huu? Mjukuu wangu umemfungia chini ya kijiti hiki? Kwenye ardhi ya serikali? Akikua ataitwa nani, Nafaka?"

"Anaitwa Margwe, kama babu yake. Mti si jina."

"Nyamaza. Baba wa mke hasemi hapa."

"Sisemi. Chimba, ni haki yako. Mimi nilikosa." Hhando akarudi nyuma, mikono nyuma, kama anavyorudi kila mtu akikutana naye.

Fabiola akapiga jembe mara mbili. Upepo nao ukaja kutoka kwenye ngano iliyovunwa, ukuta mwekundu mzima. Akajifunika uso kwa shuka, akakimbilia nyuma ya ile miti mikubwa akachuchumaa. Pale hapakuwa na vumbi. Majani yalikuwa yanavuma juu, na chini pametulia kama ndani ya nyumba.

Alipofunua uso akaanza kuiangalia ile safu.

"Hii yote ni ya watoto?"

"Yote."

"Unawajua?"

"Huu ni wa mama mmoja wa Nambis, alizaa mapacha, ndiyo maana uko pamoja na ule. Ule wenye mwiba ni wa mama wa Kibarabaig, alikuja kwa miguu. Ule uliopinda, baba yake alikuwa analia kuliko mama."

Fabiola nusura acheke, akajizuia. "Na huu mdogo, uliozungushiwa mawe?"

"Huyo hakuishi. Siku moja tu."

"Na bado unaumwagilia?"

"Mti haukukosa kitu, mama Nicodemo."

Natalia anasema hapo Fabiola alikaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyefika kwao. Kisha akasema, si kwa sauti ile ya kwanza:

"Kabla ya Nicodemo nilimzika mmoja. Nikakaa metimani mwaka mzima. Maji yangu niliyateka kwenye kidimbwi changu peke yangu, na vyura. Mama yangu mzazi alikuwa ananisalimia toka ng'ambo ya shamba. Nilikuwa nasema na mbuzi."

"Mimi nasema na hii," akasema Hhando.

"Lakini yangu ilikuwa na mwisho. Mwaka ulitimia, wakachinja kondoo, nikarudi kwa watu. Yako inaisha lini?"

Hhando alifikiri, kwa kuwa si mtu wa kujibu ovyo. "Haina siku," akasema. "Nikiacha, watatupa tena korongoni."

Lori lilikuwa linapiga honi barabarani. Fabiola akainuka, akaenda kwenye ule mche, na Natalia akafumba macho akijua sasa anaung'oa. Alipofumbua alimwona ameurudishia udongo kwa jembe na kuushindilia kwa unyayo. Kisha akachota udongo wa pale juu viganja viwili, akaufunga kwenye pindo la shuka.

"Huu nitauzika zizini. Wakiniuliza kondo liko wapi, nitasema nimelileta. Nani ataufukua?"

"Ahsante, mkwe wangu."

"Usinishukuru, bado nina hasira nawe. Ila mti wa mtoto uko hapa, basi mtoto hawezi kukatazwa kuuona. Akianza kutambaa nitamleta. Sisemi utamshika. Sijui wazee watasemaje. Nasema ataletwa."

"Ataletwa," akasema Hhando. "Nimesikia."

Hakumpa mkono. Akaenda zake, na lori likampandisha juu ya magunia.

Wa Endagwe walidhani mzee atafurahi, labda ataimba. Yeye alichukua panga akateremka korongoni. Mchana ule wote alionekana akipandisha mabonge ya ukoka mabegani, na kuyapanga chini ya miti, moja karibu na lingine, akiyakanyagakanyaga yashike.

Natalia akashindwa kuvumilia, akamwita toka uani: "Mzee, sasa unapanda majani? Ng'ombe huna!"

"Hapa chini ni udongo mtupu na miiba ya mgunga, mama. Mtoto atatambaa juu ya nini?"

Mtoto ana wiki nane. Hhando amehesabu: mwezi wa pili au wa tatu atatambaa, na mvua za Novemba zitakuwa zimeshaufanya ukoka uwe zulia. Ana mpango wa kufunika kutoka mti wa kwanza mpaka wa mia mbili na kumi na saba, ule wa mjukuu wake, hatua mia na themanini, kwa sababu hajui mtoto atapenda kuanzia wapi. Kila jioni, kazi ya ndoo ikiisha, anapandisha mabonge saba. Zaidi ya hapo mgongo unakataa.

Jana Jumamosi alipanga saba yake jua likielekea mlima Hanang. Akanyweshea. Akanawa kwa majivu na sabuni mpaka viwiko, mara tatu, kama anavyofanya kila siku ingawa hakuna wa kumkaribia. Natalia akaweka sahani juu ya jiwe, akaondoka akaenda kulaza watoto wake, nao wakalala, naye akalala nao.

Hhando akala peke yake kwenye kizingiti, akiangalia ule ukoka uliolowa. Akavua mabuti, akayaegemeza ukutani. Akaingia, akajilaza ubavu, na mashamba ya ngano yakiwa kimya kule nje, akalala.